Kutetemeka si Kuyumba

Sisi tunaofundisha Kiswahili tumezoea kuwapa wanafunzi wetu visawe kwa mafungu, kama mchuuzi apangavyo nyanya sokoni: tetemeka, tikisika, tingishika, yumba, cheza. Twayaandika ubaoni, wanafunzi wananakili, na mtihani ukifika twawataka watoe neno lenye maana sawa na hili au lile. Hatukupata kufikiri kwamba desturi hiyo ingeweza siku moja kutuweka katika hatari ya barabarani, mpaka tulipopata gari.

Gari lenyewe ni la watu watatu. Mwezi wa Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Baada ya hapo shule zilizotuita zikawa nyingi kuliko miguu yetu, na nauli zikawa zinakula mshahara kabla haujafika nyumbani. Basi tukachanga, tukanunua gari dogo la Kijapani, lililokwisha kutumika kwingine kabla ya kuja kwetu, lenye injini nzuri na kiti cha nyuma kilichochanika. Kila mmoja hulichukua kwa zamu yake, na gharama zote twagawana sawasawa. Tafadhali msomaji alishike jambo hili la kugawana gharama, maana ndilo lililouficha ugonjwa kwa muda wa miezi miwili.

Ugonjwa ulianza wakati wa mvua za masika. Tulikuwa tukitoka Jinja kwenda Iganga, na gari lilipofika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, usukani ukaanza kutetemeka mikononi. Tulipofika 90 ulitetemeka hata funguo zikawa zinagongana na kulia. Tulipopita 100, ajabu, ukatulia. Tangu siku hiyo kila mmoja wetu akajitungia dawa yake. Mmoja aliendesha kwa kilomita 70 tu njia nzima, malori yakimpigia honi kwa nyuma. Mwingine alikuwa akipita haraka penye 90 kama mtu arukaye kijito, akaenda kustarehe huko ng'ambo penye 110. Tukabishana sana juu ya nani kati yao mwenye hekima, wala hapakuwa na mmoja wetu aliyeuliza kwa nini usukani uchague kutetemeka hapo tu na si penginepo.

Tulikwenda gereji ya kwanza, tukasema, "Usukani unatikisika." Fundi hakuuliza neno. Alitia jeki, akashika gurudumu, akalisukuma huku na huku, akatuambia kuwa ncha za tairodi zimekwisha. Tulilipa shilingi 180,000 za Uganda pamoja na kazi, kisha tukapelekwa kunyooshewa magurudumu, kazi ambayo mafundi huiita alaimenti. Tulipotoka hapo gari lilikwenda moja kwa moja kama mshale, na usukani ukatetemeka vilevile. Gereji ya pili tukasema maneno yale yale, tukaambiwa kuwa ni beringi za mbele. Tukalipa tena. Beringi mpya hazikuwa na kosa. Lakini hata zile za zamani, kama tulivyokuja kufahamu, hazikuwa na kosa lo lote.

Tuseme kweli, mafundi hawa hatuwezi kuwatupia lawama yote. Mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" kisha akanyamaza, atapewa nini ila vidonge vya maumivu? Hata hivyo lipo jambo moja ambalo bado linatuuma: huyo wa beringi aliyatoa magurudumu yote mawili ya mbele, akayaegemeza ukutani, na kilichokuwa ndani yake hakukitazama.

Ikafika siku ya mashindano ya kughani mashairi huko Tororo. Tulichukua wanafunzi wanne. Wao walibanana nyuma, na wawili wetu tukakaa mbele. Wa tatu alitangulia kwa basi. Kutoka Jinja hadi Tororo kupitia Iganga na Bugiri ni kama kilomita 130, na tulikwenda kwa taratibu ya yule wa kilomita 70. Tulipoipita Bugiri kulitokea jambo jipya. Penye vituo vya biashara, gari linapotembea polepole kwa kilomita 30 hivi, usukani ulianza kwenda kushoto na kulia, kushoto na kulia, kwa utaratibu, kana kwamba kuna mtu chini ya gari anautikisa kichwa kukataa jambo. Binti mmoja akasema kutoka nyuma, "Mwalimu, gari linacheza ngoma." Tukacheka sote. Twaona aibu kuliandika hilo, lakini tulicheka, tukaendelea na safari, kwa maana kwetu sisi usukani ulikuwa umeanza kutikisika tangu zamani, na huku nako ni kutikisika.

Mwenyeji wetu wa Tororo, mwalimu mwenzetu, ndiye aliyelitazama gari na kusema kuwa haturudi nalo Jinja kabla halijaonwa na mzee mmoja fundi, mtu aliyejifunza kazi Kisumu katika ujana wake. Wanafunzi wakaingia ukumbini pamoja na mwenyeji, na sisi watatu tukaenda kwa mzee. Gereji yake ni mwembe, benchi, na sanduku la spana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, walimu. Gari lina nini?"

"Usukani unatikisika."

Aliendelea kufuta mikono kwa kitambaa. "Unatikisika vipi? Unatetemeka, unayumba, ama unacheza?"

Tukatazamana. Watu watatu wenye vyeti vya Kiswahili, na hatukuwa na jibu. Mmoja wetu alijaribu kusema kwamba maneno hayo yanakaribiana. Mzee akatikisa kichwa. "Hayakaribiani, mwalimu. Kutetemeka ni haraka haraka, kama mtu mwenye homa. Kuyumba ni polepole, kama mlevi anayerudi nyumbani. Kucheza ni kulegea, kama jino la mtoto. Hata gari likisimama linacheza. Homa, pombe na jino havina dawa moja."

Kisha akaketi benchini, akatuuliza maswali kwa muda wa robo saa nzima bila kuligusa gari. Kunatetemeka kuanzia mwendo gani? Kukizidi mwendo, kunazidi au kunapoa? Kunasikika mikononi au matakoni? (Tunaomba radhi, ndivyo alivyosema.) Mkikanyaga breki kunaongezeka? Gari linavuta upande? Lilikaa siku nyingi bila kutembea? Tairi gani lilizibwa pancha karibuni? Tulijibu tulivyoweza, na kila jibu lilipotoka alikunja kidole kimoja, kama mtu anayefunga mlango mmoja mmoja wa nyumba mpaka ubaki ule ambao mwizi yumo.

Swali la mikononi au matakoni tulilipenda kuliko yote. Gurudumu la mbele likiwa na kosa, mtetemo hupanda kwa vyuma vya usukani na kuifikia mikono. Kosa likiwa nyuma, mikono haina habari, bali kiti na sakafu ndivyo vinavyotetema. Mtu asiye na hakika, mzee akasema, ahamishe magurudumu ya mbele ayapeleke nyuma na ya nyuma ayalete mbele, kisha aende barabarani. Mtetemo ukihama kutoka mikononi kwenda kitini, basi mwenye kosa ni gurudumu lenyewe, tairi au rimu yake. Usipohama, kosa liko kwenye vyuma vya gari. Jaribio hili halihitaji ila jeki, spana na nusu saa, nasi tulikuwa tumekwisha kulipa fedha za ncha za tairodi na za beringi pasipo kulifanya.

La breki halikutuhusu, lakini alitueleza kwa kuwa tuliuliza. Usukani unaotulia mwendo wote kisha ukatetemeka pale tu mguu unapokanyaga breki, kosa lake aghalabu liko katika diski za mbele. Watu wengi husema diski imepinda kwa joto. Mara nyingi, alisema mzee, haikupinda bali unene wake haulingani pande zote, na tofauti ndogo kuliko unene wa unywele yatosha kuzifanya pedi zisukumwe na kurudi, zisukumwe na kurudi, kila diski inapozunguka.

Ndipo akainuka. Alitia jeki, akaweka vigingi vya chuma chini ya gari (hakuuamini mwili wake kwa jeki peke yake, nasi twawasihi wenzetu waige), akamwita kijana wake. "Shika saa sita na saa kumi na mbili." Kijana akashika gurudumu juu na chini, akavuta na kusukuma: hapo hutafutwa beringi iliyolegea, au boljointi. Halikucheza. "Haya, saa tatu na saa tisa." Akashika kushoto na kulia: hapo hutafutwa tairodi. Halikucheza. Sisi walimu hatukuweza kunyamaza. Tulimwuliza kijana, je, saa sita kwake ni juu au chini? Akasema ni juu, penye namba 12, maana ndivyo Waswahili wasomavyo saa. Lakini mtoto wa shule aliyezoea kuisoma saa kwa Kiingereza angeiweka sita chini. Tukacheka tulipogundua kuwa haidhuru: sita na kumi na mbili hubadilishana mahali, tatu na tisa hubadilishana mahali, na mikono inafika pale pale. Hatujui saa nyingine mahali po pote ambayo Kiswahili na Kiingereza huipatana bila kuafikiana.

Gurudumu la mbele la kulia lilipotoka, mzee aliligeuza, akatia bisibisi ndani ya rimu, na pande la udongo mkavu likadondoka chini kama kitumbua. Ulikuwa udongo mwekundu wa masika, uliorushwa humo na kukauka upande mmoja. Karibu yake palikuwa na alama safi kwenye ukingo wa rimu, mahali palipokuwa na kipande cha risasi cha kusawazishia uzani, nacho hakikuwapo. Basi kumbe upande mmoja ulikuwa umezidi na upande mwingine umepungukiwa.

Mmoja wetu hufundisha hisabati pia, na usiku ule alikaa na kalamu ili tuone kama udongo kidogo unaweza kweli kuufanyia usukani vile. Alichukua gramu 30 tu, zikae kwenye ukingo wa rimu ya gari dogo kama letu. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa gurudumu huzunguka kama mara 14 katika kila sekunde, na gramu hizo 30 huvuta kwenda nje kwa nguvu iliyo karibu sawa na uzito wa kilo 4, mara juu, mara mbele, mara chini, mara nyuma. Mwendo ukipunguzwa nusu, nguvu hiyo hushuka hadi robo, yaani kilo 1 hivi. Ndiyo maana mjini hatukusikia kitu. Na kwa nini kupoe baada ya 100? Kwa sababu gurudumu na springi zake vina mwendo wao wa asili wa kupandapanda, kama bembea. Anayesukuma bembea kwa wakati wake, hata kwa kidole, huipeleka juu. Anayesukuma haraka kupita wakati wake huichokoza tu isiende po pote. Kilomita 90 zilikuwa wakati wa bembea yetu. Nguvu penye 110 haikupungua, ilizidi. Ni bembea tu iliyokataa kuipokea. Basi yule mwenzetu aliyekuwa akistarehe ng'ambo ya kijito alikuwa akistarehe juu ya beringi na mipira iliyokuwa ikipigwa kuliko penye 90.

Tulidhani kazi imekwisha. Mzee akasema, "Hiyo ndiyo homa. Mlevi yuko wapi?" Kwa kuwa tulikuwa tumemweleza, kwa kukokotwa, habari ya kule kwenda kushoto na kulia penye kilomita 30, naye akasema hilo haliwezi kuwa kazi ya udongo, maana uzani usiolingana hauna nguvu katika mwendo mdogo. Kinachoyumbisha gari polepole ni kitu kisicho mviringo.

Alilirudisha gurudumu lile mahali pake, akalizungusha kwa mkono huku ameshika kipande cha chaki karibu na uso wa tairi bila kuligusa. Lilizunguka, chaki ikapita safi, likazunguka, chaki ikapita safi. Akahamia gurudumu la kushoto. Chaki iligusa mahali pamoja, ikapita, ikagusa tena mahali pale pale. Akalitoa, akapitisha kiganja ubavuni upande wa ndani, ule ambao mtu akisimama nje ya gari hauoni, kisha akatushika mikono mmoja mmoja akatupapasisha. Palikuwa na uvimbe kama nusu ya yai. Akatusomea na namba zilizo ubavuni, 2214, yaani tairi limetengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2014. Alisema kwamba nyuzi za ndani zimekatika, na sasa hewa inashikwa na mpira mtupu. Uvimbe wa namna hii hauzibwi wala haushonwi, na siku ya kupasuka hauagi mtu.

"Nani aligonga shimo?" akauliza.

Kimya. Mwenye kutazama mwembe akatazama mwembe, mwenye kutazama viatu akatazama viatu. Mzee hakurudia swali lake. Alikaa tu na tairi lake mapajani. Kisha mmoja wetu (msomaji asitake kujua ni yupi) akasema, "Ni mimi." Ilikuwa usiku, wakati wa mvua, mwanzoni mwa masika, kabla ya Bugiri. Shimo lilikuwa limejaa maji na kufanana na barabara. Alishuka, akaona tairi halikupungua hewa, akashukuru Mungu, akaondoka. Hakutuambia kwa sababu tulikuwa tumekubaliana kuwa gharama hugawanywa sawa, na aliogopa kwamba hii tungeiona kuwa ni yake peke yake. Baadaye usukani ulipoanza kutetemeka aliona kuwa amechelewa mno kusema. Alilipa fungu lake la tairodi, alilipa fungu lake la beringi, akijua.

Hatukumjibu. Kila mmoja wetu alikuwa akiwahesabu wale wanafunzi wanne. Tulikuwa tumetoka nao asubuhi kwa wazazi wao, tukawapakia juu ya lile yai kwa kilomita 130, na mmoja wao alikuwa ametuambia wazi kuwa gari linacheza ngoma.

Mzee aliyaondoa matope ya magurudumu yote manne, akasugua kutu kwa brashi ya waya pale rimu inapokaa, akatia tairi la akiba mahali pa lile bovu. Nati alizifunga kwanza kwa vidole, kisha kwa spana kwa kuruka, moja halafu iliyoielekea, akashusha gari chini ndipo akazikaza kabisa, ili gurudumu likae sawa wala lisiipinde diski. Akatupeleka mjini penye mashine ya balansi, tukatazama namba zikishuka hadi sufuri. Na kabla hatujaondoka, lile tairi lenye uvimbe alilichana ubavuni kwa kisu mbele yetu, ili asije mtu akaliokota, akalipaka rangi nyeusi na kuliuza tena. Kazi yote, pamoja na mashine, haikufika nusu ya tulichokwisha kuwalipa wawili wa kwanza.

Wanafunzi wetu walipata nafasi ya pili. Tulirudi jioni hiyo hiyo, yule aliyegonga shimo akiwa ndiye dereva. Sisi wengine tulimtaka aendeshe. Penye barabara nyoofu alifika 90, akaikaa hapo, akatoa mkono mmoja juu ya usukani, akaurudisha. Hakuna aliyesema neno isipokuwa yule binti wa nyuma: "Mwalimu, mbona leo halichezi?" Mmoja wetu akamjibu kwamba tangu hapo halikuwa likicheza, lilikuwa likiyumba, na kabla ya hapo likitetemeka. Binti akauliza tofauti ni nini, nasi tukamweleza mpaka Iganga.

Gharama za siku ile tuligawana kwa tatu. Mwenzetu alitaka kulipa peke yake, tukakataa, kisha tukamwambia kwa ukali kuliko tulivyokusudia kwamba fedha hazikuwa neno. Siku hizi mna daftari ndani ya gari, na kila arudishaye ufunguo huandika tarehe, alikokwenda, alichogonga, na jinsi gari lilivyokuwa, kwa kitenzi kilicho sahihi. Neno "kutikisika" limepigwa marufuku humo. Ukurasa wa juma lililopita una mistari miwili. Wa kwanza: shimo dogo, karibu na Iganga, kushoto mbele, nimepapasa pande zote mbili, hakuna uvimbe. Wa pili: halitetemeki, haliyumbi, gurudumu la nyuma kushoto linacheza kidogo saa sita na saa kumi na mbili. Jumamosi tunalipeleka Tororo.